Mwenye Haja Ndiye Apewe

Kuna fomu niliyoijaza kwa miaka mingi nikiwa fundi wa mitandao jijini Dar es Salaam ambayo wateja wetu hawajawahi kuiona. Ni fomu ya kuomba anwani za intaneti, zile namba ambazo bila hizo simu, kompyuta au mashine ya benki haitumi wala haipokei chochote. Ilitaka kujua tuna anwani ngapi, kila tawi linatumia ngapi, na ndani ya miezi 12 ijayo tutahitaji ngapi zaidi. Ukishajibu, ofisa wa usajili anakurudia kwa barua pepe: naomba ankara za ruta ulizosema mmenunua, naomba mchoro wa mtandao, mbona fungu mlilopewa mwaka juzi nusu yake haijatumika? Bosi wangu alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuona kitu, kuuliza bei na kulipa. Kila nilipompelekea maswali hayo alinitazama juu ya miwani. "Kijana, kwani hao watu hawataki hela?"

Hela waliitaka, lakini ilikuwa ada ya uanachama ya kila mwaka. Anwani zenyewe hazikuuzwa. Kilichoamua nani apate na apate kiasi gani ni haja yake, nayo haja ilibidi ithibitishwe. Nimeishi na kanuni hiyo, nimeitetea mbele ya mabosi, na nimeilaani usiku wa manane. Sasa imezeeka na imefikishwa mahakamani, kwa hiyo inafaa isimuliwe tangu ilikotoka.

Mwaka 1972 mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa bado mchanga, na waliokuwa wakiujenga walijichagulia wenyewe namba za kutambulisha programu zao. Jon Postel, kijana wa miaka 28 aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliona jinsi mambo yatakavyogongana. Mwezi Mei aliwaandikia wenzake kupendekeza awepo mtawala mmoja wa kutoa namba hizo, na ndani ya mabano, kwa alama ya kuuliza, akajitaja mwenyewe. Kazi ikawa yake. Aliifanya hadi alipofariki Oktoba 1998, sehemu kubwa ya muda huo akiwa katika taasisi ya utafiti iliyoko Marina del Rey, na ndevu zake ndefu na makubadhi yake. Baadaye kazi hiyo ilipewa jina la IANA. Kwa miaka mingi IANA haikuwa na jengo wala bodi: ilikuwa Postel, mwenzake Joyce Reynolds, na orodha.

Uhaba haukuwa kwenye namba za programu. Uliingia na anwani. Septemba 1981 ulitolewa waraka wa kiufundi uliosema kwamba kila anwani itakuwa na biti 32, maana yake jumla haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Mwaka huo ARPANET nzima ilikuwa na kompyuta zipatazo 200. Mtu mwenye kompyuta 200 ukimpa namba bilioni nne, hatakaa kufikiria zitaisha lini. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao ukahamia rasmi kwenye utaratibu huo, na hadi leo sehemu kubwa ya intaneti inautumia.

Anwani ziligawiwa kwa madaraja matatu. Daraja A lilikuwa na anwani 16,777,216 kwa mpigo. Daraja B 65,536. Daraja C 256. Hapakuwa na saizi nyingine katikati. Maombi yalikuwa mafupi na majibu yalikuwa ya kirafiki. Ndiyo sababu kampuni ya magari ya Ford ilipata fungu la daraja A, linaloanza na 19. General Electric ilipata 3, IBM 9, Apple 17, chuo cha MIT 18. Shirika la posta la Marekani lilipata 56. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilipata 25, na waendesha redio wa kujitolea duniani kote walipewa 44. Sijaona popote kwamba hao walifanya hila. Waliomba mapema, wakapewa.

Ila ukilifungua daftari la IANA leo utaona matokeo ya urafiki huo. Mafungu makubwa ya saizi hiyo yaliyo chini ya usimamizi wa Afrika nzima ni sita: 41, 102, 105, 154, 196 na 197. Yanayoandikwa majina ya jeshi na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ni zaidi ya kumi. Chuo Kikuu cha Stanford, kwa heshima yake, kilijipanga upya na mwaka 2000 kikarudisha fungu lake la 36. Wengi wa wenzake hawakufuata mfano huo, na hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha, kwa sababu walipopewa hawakutia saini mkataba wowote.

Mambo yalianza kubana mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni yenye kompyuta 500 ilikuwa kubwa mno kwa daraja C, hivyo ilipewa daraja B, na anwani 65,000 zikalala bure. Wahandisi walipiga hesabu wakaona daraja B litakwisha ndani ya miaka michache. Tatizo la pili lilikuwa kwenye ruta kubwa za katikati ya intaneti. Kila fungu dogo lililotolewa liliongeza mstari katika jedwali la njia, na kumbukumbu za ruta za wakati ule zilikuwa zinaelekea kujaa. Mwaka 1993 madaraja yakafutwa. Kuanzia hapo fungu liliweza kukatwa kwa saizi yoyote inayozidishwa mara mbili: 256, 512, 1,024 na kuendelea. Kazi ya kugawa nayo ilianza kusogezwa kwenye mabara. RIPE NCC ilifunguliwa Amsterdam mwaka 1992 kuhudumia Ulaya. APNIC ilianza 1993 kwa ajili ya Asia na Pasifiki, na ARIN ikaanza Desemba 1997 kuhudumia Amerika.

Kanuni zenyewe ziliandikwa zikakamilika Novemba 1996, katika waraka ambao Postel ni mmoja wa waandishi wake. Malengo yake ni matatu. Kwanza, anwani zitumike kwa kubana, apewe mwenye haja kwa kiasi cha haja yake. Pili, zigawiwe kwa mafungu yanayoshikamana ili jedwali la njia lisivimbe. Tatu, kila fungu liandikwe: nani kapewa, lini, anapatikana wapi. Malengo mawili ya kwanza yalivutana tangu siku ile. Ukibana sana unatoa vipande vidogo vingi, na njia zinaongezeka. Ukitoa vipande vikubwa ili kupunguza njia, unapoteza anwani. Mijadala mikali ya sera niliyoisikia karibu yote ilikuwa juu ya mvutano huo. Lengo la tatu lilionekana kuwa kazi ya makarani, na hakuna aliyesimama mkutanoni kugombana kwa ajili yake.

Mwaka huohuo, Februari, ulitoka waraka wa mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, likiwemo lile linaloanza na 192.168 ambalo karibu kila ruta ya nyumbani inalitumia. Yeyote anaruhusiwa kulitumia bila kuomba, kwa sharti kwamba halitoki nje. Mashine iliyo mlangoni hubadilisha anwani za ndani kuwa moja ya nje. Kwa mbinu hiyo, inayoitwa NAT, ofisi nzima huonekana duniani kama mtu mmoja.

Sisi huku tulikuwa wapi? Tulikuwa tumegawanywa. Kabla ya kuwa na ofisi yetu, nchi za Afrika za kaskazini mwa ikweta zilipeleka maombi Amsterdam, za kusini zilipeleka ARIN katika jimbo la Virginia, na visiwa vya Bahari ya Hindi vilihudumiwa na APNIC. Mstari wa ikweta unapita katikati ya Kenya, Uganda na Kongo, lakini aliyeuchora mgawanyo huo hakuwa na shida nao. Kuomba anwani kulimaanisha kulipa dola kwa shirika la ng'ambo na kujieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuona mtandao unaokatika kila umeme unapokatika.

Wengi hatukuomba kabisa. Miaka ile, kabla nyaya za baharini hazijafika, intaneti ya Dar ilishuka kutoka angani kupitia madishi ya setilaiti juu ya paa, na anwani zilikuja pamoja na huduma. Aliyekupa masafa ndiye aliyekupa namba. Ulikuwa mpangaji: siku ukihama, unaiacha namba ya mlango. Tulipoachana na kampuni moja ya setilaiti kwa sababu ya bei, usiku mzima tulizunguka mjini kubadilisha anwani kwa wateja, kuanzia benki ndogo ya Samora hadi kwenye mikahawa ya intaneti ya Kariakoo, tukiwa na karatasi mbili mkononi, ya anwani za zamani na ya anwani mpya. Kwa kuwa anwani zilikuwa za Ulaya, tovuti nyingi zilitudhani tuko Ulaya. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini matangazo ya biashara yanamjia kwa lugha asiyoijua. Nilimjibu kwamba kwa maoni ya intaneti yeye hakai Magomeni.

Kukaa kwenye namba za mwingine kulikuwa na gharama nyingine pia. Ili kampuni za intaneti za mji mmoja zipeane taarifa moja kwa moja, bila kupitia ng'ambo, zinakutana kwenye kituo cha kubadilishana. Nairobi walifungua chao, KIXP, mwishoni mwa 2000. Kikafungwa upesi kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikarudi 2002. Dar es Salaam ilipata TIX mwaka 2004. Kuingia pale kama mtu kamili unahitaji namba ya mtandao wako na anwani ambazo ni zako kuzitangaza. Mpangaji hana cha kutangaza.

Wazo la ofisi ya Afrika lilikuwa limezungumzwa tangu miaka ya tisini, na mmoja wa waliolibeba ni Profesa Nii Quaynor wa Ghana. Mashirika ya dunia yalikuwa na masharti yake, yaliyoandikwa mwaka 2001: ofisi mpya iwe ya eneo la ukubwa wa bara, iungwe mkono na watoa huduma wa eneo hilo, isimpendelee yeyote. AFRINIC ilisajiliwa Mauritius mwaka 2004, na tarehe 8 Aprili 2005, katika mkutano wa ICANN, shirika linaloratibu namba za intaneti duniani, uliofanyika Mar del Plata, Argentina, ikatambuliwa rasmi. Adiel Akplogan wa Togo akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Fungu la 41 likaja mwezi huohuo. Siku tulipowasha ruta yetu ya kwanza kwa anwani zinazoanza na 41, bosi alishangaa kuona mafundi wanapeana mikono kwa ajili ya namba.

Utaratibu wa kutunga sera ulikuwa wa ajabu kwa watu waliozoea waraka kutoka wizarani. Mtu yeyote, hata asiye mwanachama, anaruhusiwa kuandika pendekezo. Linajadiliwa kwa barua pepe, kisha katika mkutano wa hadhara. Hapapigwi kura. Wenyeviti wenza wawili wanasikiliza kama kuna pingamizi lenye hoja ambalo halijajibiwa. Wakiona hakuna, wanatangaza makubaliano ya jumla, linapewa muda wa mwisho wa kusemwa, ndipo bodi inaliidhinisha. Mikutano ilizunguka bara zima, Nairobi mwaka 2006, Kigali 2010, na Juni 2011 ikafika Dar es Salaam.

Mkutano wa Dar ulikuja wakati wake. Miezi minne tu kabla, tarehe 3 Februari 2011, IANA ilifanya sherehe huko Miami ya kugawa mafungu yake matano ya mwisho, kila bara moja. Letu lilikuwa 102. Ghala la dunia likawa tupu. Asia ilifikia akiba yake ya mwisho Aprili mwaka uleule, Ulaya Septemba 2012, Amerika ya Kaskazini ikamaliza Septemba 2015. Afrika peke yake ilibaki na akiba, kwa sababu isiyo ya kujivunia: watu wetu wengi walikuwa bado hawajaunganishwa. Ikaandikwa sera ya kutua polepole. Akiba ikifikia kiwango fulani, kipimo cha haja kinashuka kutoka miezi 12 hadi minane, na mwombaji hapati zaidi ya anwani 524,288. Ikishuka tena, kikomo kinakuwa 1,024. Hatua ya kwanza ilianza Machi 2017, ya pili Januari 2020.

Wakati huo anwani zilikuwa zimepata bei. Mwaka 2011 Microsoft ililipa dola milioni 7.5 kwa anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyofilisika, zaidi kidogo ya dola 11 kila moja. Mwaka 2017 MIT iliuza nusu ya fungu lake kwa Amazon. Muongo mmoja baada ya Nortel, bei ilikuwa imefika dola 50 hivi. Kitu ambacho ofisini kwa AFRINIC, Ebène, Mauritius, kilitolewa kwa fomu na ada, Hong Kong au London kilikuwa na soko. Kanuni ya haja haikutungwa kwa mazingira hayo.

Mapigo yalikuja mawili. Mwaka 2019 wachunguzi wa nje na waandishi wa habari waligundua kwamba mafungu ya Afrika yalikuwa yamehamishwa kimyakimya. Baadhi yalichotwa kwenye akiba ya AFRINIC. Mengine yalikuwa ya taasisi, zikiwemo za Afrika Kusini, zilizopewa zamani na hazikufuatilia tena kumbukumbu zao. Maelezo ya mwenye fungu yalibadilishwa ndani ya daftari, na daftari likishabadilika, dunia nzima inaamini. Mtumishi aliyekuwepo tangu siku za mwanzo akajiuzulu. Jumla ya anwani zilizohusika ilizidi milioni 4.

Pigo la pili lilikuja wazi, mchana. Kati ya 2013 na 2016 kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Seychelles, ilipewa anwani zipatazo milioni 6.2. Mwaka 2021 AFRINIC ilisema matumizi yake hayalingani na haja iliyoombewa, ikataka kuzichukua. Kampuni ilikana kuvunja mkataba, ikaenda mahakamani Mauritius, na Julai mwaka huo akaunti za benki za AFRINIC zikazuiwa. Kesi zikazaa kesi. Bodi ikapungukiwa akidi, ofisi ikakosa mkurugenzi, na Septemba 2023 mahakama ikaiweka chini ya mpokezi, yaani msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa. Septemba mwaka huo ndipo bodi mpya ilipopatikana.

Wapo wenzangu wanaosema kanuni ya haja imeshindwa, tuache soko lifanye kazi. Siwaungi mkono. Soko lingetufikia mwaka 2005, fungu la 41 lingekuwa limenunuliwa kabla nyaya za SEACOM hazijafika Dar na Mombasa mwaka 2009, na kampuni za simu za Afrika Mashariki zingekodi namba kama sisi tulivyokodi kwa watu wa setilaiti. Hata hivyo siwezi kudai kwamba haja inajilinda. Aliyeahidi kutumia anwani kwa kazi fulani lazima atazamwe kama anazitumia hivyo, na jina lililo kwenye daftari lazima lilingane na mtu aliye hai. Lile lengo la tatu la 1996, la makarani, ndilo lililobeba mengine yote.

Wanaolipa bei ya uhaba leo ni watumiaji wa simu. Mtandao wa simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja akifanya uhuni, tovuti inaifungia anwani, na wengine wote wanaambiwa wathibitishe kwamba wao si roboti. Dawa imekuwepo tangu 1995. Ni anwani za IPv6, zenye biti 128, ambazo jumla yake ina tarakimu 39. Mtoa huduma mdogo kabisa anaanza na fungu linalotosha wateja 65,536, kila mmoja akiwa na nafasi ya kujenga mitandao mingine mingi ndani yake. Maombi yake ni mafupi na majibu ni ya kirafiki, kama ilivyokuwa 1981.

Siku hizi nafundisha, na wanafunzi wangu huuliza kwa nini nawakalisha saa nzima kuandika kumbukumbu za anwani ambazo haziwezi kuisha. Nawaambia wasome yaliyogunduliwa 2019. Mafungu ya zile taasisi hayakuibwa kwa sababu anwani zilikuwa chache tu. Yaliibwa kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyelifungua daftari kuangalia kama jina lake bado lipo.